Kawia Ufike: Kuanza Chuo Kikuu Katikati ya Mwaka

Watu wengi hudhani ya kuwa mlango wa chuo kikuu hufunguliwa mara moja tu kwa mwaka, katika mwezi wa Septemba, na kwamba kijana asiyeingia siku hiyo amekwisha kupoteza mwaka mzima. Dhana hiyo zamani haikuwa mbali na kweli, lakini siku hizi sivyo. Vyuo vikuu vingi vya Kenya hupokea wanafunzi wengine mwezi wa Januari, na wengine tena mwezi wa Mei. Mtu akisimama katika kituo cha magari mjini Embu miezi hiyo, huenda akaona vijana wakishuka na masanduku, ndoo na magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba, wakiuliza njia ya chuoni, ilhali wenzao wengine wamekwisha kuzoea madarasa na kujua hata bei ya sukuma wiki sokoni.

Kuanza kwa namna hiyo si aibu. Lakini kuna shida zake ambazo mtu aliyeanza Septemba hakuzipata: vyumba vimekwisha kujaa, pesa za nyumbani hazijafika, na masomo yanakwenda mbio. Kijana asiyezifahamu shida hizo mapema aweza kupoteza nafasi ambayo jamaa yake wameuza ng'ombe ili aipate. Makala haya yaeleza mambo hayo moja moja, kwa faida ya wanafunzi na ya wazazi wao pia.

CHUO CHA EMBU

Katika miaka ya 1950 kijana wa Embu aliyetaka masomo ya chuo kikuu ilimpasa kusafiri mpaka Makerere katika nchi ya Uganda, au, kama jamaa yake au serikali waliweza, kuvuka bahari. Nairobi palifunguliwa Chuo cha Ufundi cha Kifalme mwaka 1956, nacho ndicho kilichokua mpaka kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Baadaye vikafuata vyuo vikuu vya Moi mwaka 1984, Kenyatta mwaka 1985 na Egerton mwaka 1987.

Embu yenyewe ilipata chuo chake mwaka 2011, pale serikali ilipotangaza kuanzishwa kwa chuo kilichokuwa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi. Kiliwekwa katika majengo na mashamba yaliyokuwa ya chuo cha kuwafunza watumishi wa kilimo. Mwaka 2016 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili chenye kujitegemea, nacho sasa chaitwa Chuo Kikuu cha Embu. Hufundisha kilimo, sayansi, uuguzi, elimu, biashara na sheria. Kwa hiyo mtoto wa Runyenjes au wa Siakago aweza kusoma shahada akiwa karibu na nyumbani, na mtoto wa Mombasa au wa Garissa aweza kujikuta chini ya Mlima Kenya, mahali ambapo hajapata kufika maishani mwake.

KWA NINI WENGINE HUANZA KATIKATI YA MWAKA

Kalenda ya masomo ya Kenya imepata kuvurugika zaidi ya mara moja. Baada ya jaribio la kuipindua serikali mnamo tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa muda mrefu, na waliokuwa wakingoja kuingia wakarundikana. Ili kupunguza msongamano huo, mwaka 1987 vyuo vikuu vilipokea makundi mawili kwa pamoja, na mwaka 1990 vikafanya hivyo tena, kwa kuwa waliomaliza kidato cha sita wa mwisho na waliomaliza kidato cha nne wa kwanza chini ya mpango wa 8-4-4 walifika mlangoni wakati mmoja. Hata baada ya hapo, kwa miaka mingi, kijana aliyefaulu alikaa nyumbani mwaka mmoja na zaidi akingoja zamu yake.

Tena mwezi wa Machi mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule na vyuo vyote vilifungwa. Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2020 ukafanywa mwezi wa Machi na Aprili mwaka 2021, na ule wa mwaka 2021 ukafanywa Machi 2022. Vyuo vikuu vililazimika kuzisogeza tarehe zao, na watu wakajifunza ya kwamba mwezi wa kuanza masomo si amri iliyochongwa juu ya jiwe.

Leo wanaoanza katikati ya mwaka ni watu wa namna tatu. Wa kwanza ni wale walioomba nafasi wenyewe na kupokelewa katika kundi la Januari au la Mei. Hawa wana nafuu, kwa sababu huanza pamoja na wenzao na kufundishwa tangu mwanzo. Wa pili ni wale wanaohama kutoka chuo kingine. Hawa hukuta darasa lililokwisha kutembea, na yawapasa kuonyesha kwa hati masomo waliyofaulu kule walikotoka, ili chuo kipya kiamue ni yapi yatakayokubaliwa na ni yapi yatakayorudiwa. Wa tatu ni wale waliopata nafasi zamani, lakini kwa ugonjwa, kwa uzazi au kwa kukosa fedha wakaomba ruhusa ya kuahirisha, na sasa wanarudi.

Natuchukue mfano wa msichana mmoja wa aina hii ya tatu. Baba yake ni mkulima wa ndengu na kunde upande wa Mbeere. Nafasi yake ilitoka Septemba, lakini nyumbani hapakuwa na kitu. Akaandika barua, akaruhusiwa kuanza pamoja na kundi la Januari. Januari ilipofika ndengu zilikuwa zingali shambani. Zilipovunwa na kuuzwa, muhula ulikuwa umekwisha kula wiki tatu. Msichana huyu amechelewa mara mbili: amechelewa katika mwaka, na amechelewa katika muhula. Shida zake ndizo shida za wengi.

SIKU YA KWANZA: OFISI KABLA YA DARASA

Mwanafunzi aliyechelewa hutamani kukimbilia darasani moja kwa moja. Nia yake ni njema, lakini njia si hiyo. Mtu asiyeandikishwa hana jina katika orodha ya mwalimu, na mtu asiye na jina katika orodha hana alama, hata akifanya kazi nzuri namna gani.

Kwanza aende katika ofisi ya msajili, akiwa na barua ya kupokelewa, hati ya mtihani wa kidato cha nne, kitambulisho cha taifa au cheti cha kuzaliwa, na picha zake. Yafaa achukue hati zenyewe pamoja na nakala kadhaa, na nakala nyingine aziache nyumbani kwa mzazi. Pili, aende kwa karani wa fedha kuthibitisha karo iliyolipwa. Fedha zilipwe katika akaunti ya chuo iliyoandikwa kwenye barua, wala zisipewe mtu mkononi, hata akivaa tai. Tatu, aende katika idara yake aandikishe masomo ya muhula ule, somo kwa somo. Kujiandikisha chuoni ni jambo moja, na kuandikisha masomo ni jambo jingine. Wako waliofanya la kwanza wakasahau la pili, wakagundua kosa lao siku ya mtihani.

Jambo la nne husahauliwa na wengi: kumwona mkuu wa wanafunzi. Ofisi hiyo iko kwa ajili ya shida za makazi, afya, fedha na huzuni. Mwanafunzi asingoje mpaka shida imemwangusha ndipo aitafute. Aende siku za kwanza, aseme jina lake na jinsi alivyochelewa. Kuuliza si ujinga.

HESABU YA ALAMA

Katika vyuo vikuu vingi vya serikali nchini Kenya alama za somo hugawanywa sehemu mbili. Majaribio na kazi za katikati ya muhula huwa na alama 30 katika 100, na mtihani wa mwisho huwa na alama 70. Alama ya kufaulu ni 40. Mwanafunzi aliyechelewa yafaa aifahamu hesabu hii kama afahamuvyo bei ya mkate.

Tuseme mwanafunzi amefanya majaribio yake yote na kupata alama 18 katika 30. Amebakiwa kutafuta alama 22 tu katika zile 70 za mtihani. Hata siku ya mtihani akiwa na homa, aweza kuzipata. Lakini yule aliyekosa majaribio yote atatakiwa kupata alama 40 katika 70, yaani zaidi ya nusu, katika somo ambalo hakuhudhuria mwanzo wake. Hapo ndipo wengi waangukapo. Si kwamba hawana akili, bali wameanza mbio nyuma ya wenzao na hawakujua ni hatua ngapi.

Kwa hiyo msichana wetu wa Mbeere, akiisha kuandikishwa, kazi yake ya kwanza ni kumwendea kila mwalimu wa somo na kumwuliza maneno matatu: ni majaribio yapi yamekwisha kufanywa, je, aweza kupewa jaribio la badala, na ni sura zipi za kitabu azisome ili kuwafikia wenzake. Aende na barua ya idara ionyeshayo tarehe aliyopokelewa. Mwalimu mwenye watu mia mbili darasani hawezi kumjua mgeni mpaka mgeni mwenyewe ajijulishe, na aliye mwungwana hatamkasirikia mtu aombaye kazi.

Pia yapasa kujua kanuni ya mahudhurio. Vyuo vingi huweka kiasi cha vipindi ambavyo mwanafunzi lazima ahudhurie kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani. Aliyekwisha kukosa wiki tatu hana akiba ya kukosa tena kwa sababu ya uvivu wa asubuhi.

FEDHA ZA SHAMBA NA KALENDA YA CHUO

Kuna jambo ambalo watu wa Embu hulijua mioyoni lakini hawalisemi mara nyingi: shamba lina kalenda yake na chuo kina kalenda yake, na kalenda hizo mbili hazipatani. Mkulima wa majani chai, huko juu karibu na msitu, hupata malipo madogo kila mwezi, lakini fedha kubwa za mwisho wa mwaka wa chai humfikia kwa kawaida karibu na mwezi wa Oktoba. Mkulima wa kahawa huchuma kwa wingi kati ya Oktoba na Desemba, kisha hungoja miezi kadhaa mpaka kahawa iuzwe na chama kimlipe. Mkulima wa Mbeere huvuna ndengu za mvua za vuli Januari na Februari, na maembe huuzwa katika majira hayohayo.

Mzazi akifahamu hayo aweza kupanga mapema. Mwenye chai na aweke sehemu ya fedha za Oktoba kwa ajili ya muhula wa Januari kabla hajanunua mabati. Mwenye kahawa na aulize chama chake cha ushirika habari za mkopo wa karo. Mwenye ndengu ajue kwamba muhula wa Mei ndio umfaao zaidi kuliko wa Januari, kwa sababu fedha zake zitakuwa zimekwisha kuingia. Mwanafunzi apewapo nafasi ya kuchagua mwezi wa kuanza, asichague kwa kuwafuata rafiki zake, bali kwa kuitazama ghala ya baba yake.

Juu ya mikopo, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ijulikanayo kama HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Kwa kawaida hulipa sehemu ya karo moja kwa moja chuoni, na fedha za kujikimu humfikia mwanafunzi mwenyewe. Maombi yana tarehe zake za kufunguliwa na kufungwa, na aanzaye katikati ya mwaka yampasa kuwa macho, kwani tarehe hizo zaweza kupita kabla hajapata barua ya chuo. Asije mjini akitegemea fedha za mkopo kwa chakula cha mwezi wa kwanza. Mara nyingi fedha hizo hukawia.

Mwezi wa Mei mwaka 2023 serikali ilitangaza utaratibu mpya, kwamba gharama ya masomo igawanywe kati ya ufadhili wa serikali, mkopo, na fedha za jamaa, kwa kadiri ya uwezo wa kila nyumba. Mwezi wa Desemba mwaka 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa utaratibu huo ulikuwa kinyume cha katiba, na shauri likapelekwa kwenye rufani. Fundisho lililomo ni hili: mambo ya karo hubadilika, na mzazi asiongozwe na habari za jirani ambaye mtoto wake aliingia chuo miaka miwili iliyopita. Aulize chuoni.

Tena jambo moja lisifichwe. Mkopo ni deni. Aliyeacha masomo katikati hudaiwa kama aliyemaliza, ila yeye hana shahada ya kumsaidia kulipa.

KUTAFUTA CHUMBA

Chuo kina mabweni, lakini mabweni hayatoshi wanafunzi wote, kama ilivyo katika vyuo vingine vya nchi. Atakayekuja katikati ya mwaka aulize kwanza chuoni kama kuna kitanda kilichoachwa wazi, kwa kuwa wako wanaohama, wanaoahirisha na wanaoshindwa. Kitanda cha bweni huwa na faida: maji na taa zimo katika malipo, na maktaba i karibu usiku.

Asipopata, atapanga chumba nje, ama mjini, ama katika mitaa iliyo karibu na chuo kama vile Kangaru. Vyumba viko vya namna nyingi: chumba kimoja kitupu ambacho choo chake ni cha wapangaji wote, bedsita yenye choo na mahali pa kupikia ndani, na hosteli za watu binafsi ambamo wawili au wanne hulala chumba kimoja. Msafiri aliyechoka hukubali chumba cha kwanza aonyeshwacho. Heri alale usiku wa kwanza au wa pili kwa ndugu au kwa mtu wa kijiji chake, kisha atafute kwa macho yaliyopumzika.

Kabla ya kutoa shilingi hata moja, ayatazame mambo yafuatayo. Afungue bomba aone kama maji yatoka, tena aulize wapangaji, si mwenye nyumba, ni siku ngapi za juma maji huwapo. Aulize umeme hulipwaje: kama kila chumba kina mita yake na mpangaji hujinunulia tokeni, au kama wote hugawana bili moja, jambo liletalo ugomvi. Atazame kufuli, dirisha na lango la uwanja. Aitembee njia ya kutoka chuoni mpaka pale nyumbani saa moja ya usiku, aone kama ina taa na watu, kwa maana siku za mitihani atarudi kwa giza. Hili yawapasa wasichana kulitazama kuliko yote. Chumba cha bei rahisi kilicho mbali, ambacho humlazimu mtu kupanda bodaboda asubuhi na jioni, huenda kikawa ghali kuliko chumba cha bei kubwa kilicho karibu.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme chumba cha mbali ni shilingi 3,000 kwa mwezi na cha karibu ni shilingi 4,500. Nauli ya bodaboda ikiwa shilingi 50 kwenda na shilingi 50 kurudi, kwa siku 20 za masomo itafika shilingi 2,000. Cha mbali sasa kimekuwa shilingi 5,000, bila kuhesabu siku za mvua.

Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya mwezi mmoja. Amana ni mali ya mpangaji iliyowekwa, si zawadi. Kwa hiyo maneno haya na yaandikwe: kiasi kilicholipwa, tarehe, hali ya chumba siku ya kuingia, muda wa kutoa taarifa kabla ya kuhama, na jinsi amana itakavyorudishwa. Ahitaji stakabadhi kila mwezi na aihifadhi. Kama fedha zimepelekwa kwa simu, asiufute ujumbe wake. Kwa sheria ya Kenya mtu wa miaka 18 ni mtu mzima. Basi kijana aliyetimiza umri huo ajue kuwa sahihi yake yamfunga, na asome kabla ya kuandika.

Kuna hila iwapatayo hasa wale wanaotoka mbali. Mtu hujitangaza kwa simu kuwa ana vyumba vizuri karibu na lango la chuo, hutuma picha za kupendeza, kisha husema, "Tuma amana leo, kesho hakipo." Fedha zikiisha kutumwa, simu huzimwa, na mwanafunzi akifika hukuta nyumba ni ya mtu mwingine au haipo kabisa. Mbuzi hanunuliwi akiwa ndani ya gunia. Chumba kisichoonwa kwa macho, na mwenyewe asiyejulikana, kisilipiwe.

Msichana wetu, basi, afanye nini na fedha zake za ndengu? Akilipa karo yote hatabakiwa na fedha za kodi. Akilipa kodi ya miezi mingi atafungiwa mtihani kwa karo. Njia ya busara ni kumwonyesha karani wa fedha mpango wa kulipa kwa sehemu, akauandike, na kushirikiana chumba na mwenzake kwa muhula wa kwanza. Chumba cha shilingi 4,000 kikikaliwa na wawili ni shilingi 2,000 kwa kila mmoja. Lakini wapatane mapema juu ya wageni, kupika na kulala, kwa maana urafiki mwingi umevunjwa na sufuria isiyooshwa.

KUZOEA MAISHA YA CHUONI

Embu iko juu, chini ya mlima, na hali yake ya hewa humshtua mtu wa pwani au wa nchi kavu. Anayekuja Januari hukuta jua na vumbi, akadhani atapata hali hiyo mwaka mzima. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na kuanzia Juni mpaka Agosti huwa baridi yenye ukungu. Aanzaye Mei na aje na blanketi zito, sweta, na viatu visivyoogopa matope.

Kwa chakula mji una neema. Soko la Embu hupata viazi na mboga kutoka juu, na nafaka, kunde, maembe na asali kutoka Mbeere. Mwanafunzi ajuaye kupika githeri ya Jumapili hula mpaka katikati ya juma kwa fedha ambazo mwenziwe humaliza kwa chipsi jioni moja. Wawili watatu wakinunua mahindi na maharagwe kwa pamoja hupata nafuu zaidi.

Kwa afya, ajue mapema zahanati ya chuo iko wapi, na ajiandikishe na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa ile bima ya zamani mwezi wa Oktoba mwaka 2024.

Upweke ni ugonjwa usiotajwa kwa sauti. Aliyeanza na wengine Septemba alizungushwa chuoni, akaonyeshwa maktaba, akapata rafiki katika foleni. Aliyekuja baadaye hukuta watu wamekwisha kugawanyika makundi makundi, na hakuna amwambiaye darasa limehamishwa. Dawa yake ni kuingia mahali penye watu wenye kazi: kikundi cha kusomea, jamii ya ibada, mchezo, au chama cha fani yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vivyo hivyo mwanafunzi mgeni asingoje kupewa jembe, alitwae mwenyewe. Akijitolea kuandika muhtasari wa kikundi au kupanga viti, jina lake litajulikana kabla ya juma kwisha.

Tena ajihadhari na wale wafanyao haraka ya urafiki. Mwenye upweke ni windo jepesi. Wapo watakaomkaribisha kwa pombe, kwa muguka wa usiku kucha, au kwa kucheza kamari ya mpira katika simu, na wengi waliopoteza karo kwa kamari walianza kwa shilingi 50. Mtu aliyepungukiwa na wiki tatu za masomo hawezi kuyabeba na hayo.

Wazazi nao wana sehemu yao. Simu ya nyumbani isiwe ya kuulizia alama peke yake. Mtoto akiulizwa, "Umekula nini leo?" na, "Unalala vizuri?" ataeleza shida ikiwa ndogo. Akiulizwa alama tu, ataficha mpaka itakapokuwa kubwa.

IKIWA MAMBO YAMESHINDIKANA

Huenda hata baada ya juhudi zote mwanafunzi akaona hawezi kuendelea muhula ule. Fedha zimekwisha, au mama ni mgonjwa, au mwenyewe ameshindwa kulala na kusoma kwa huzuni. Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika: hufungasha vitu vyake usiku, akarudi nyumbani, akanyamaza. Chuo chamwandika kuwa ametoroka, masomo yote yanaandikwa ameshindwa, deni labaki, na mlango waanza kufungwa.

Njia iliyo sawa ni kuandika barua ya kuahirisha kabla ya mitihani, kueleza sababu, kuambatisha hati kama ni za hospitali, na kupokea jibu lililoandikwa. Aliyeahirisha kwa barua ana haki ya kurudi katika muda aliopewa. Yule msichana wa Mbeere ana nafasi leo kwa sababu moja tu: Septemba, alipokosa fedha, hakunyamaza. Aliandika. Karatasi ile moja ndiyo iliyomshikia mlango mpaka ndengu zikauzwa.

Basi mzazi asimwone mtoto aliyeanza Januari au Mei kuwa ameachwa nyuma na ulimwengu, wala kijana asijione hivyo. Siku ya kupewa shahada hakuna aulizaye mtu aliingia mwezi gani. Huulizwa kama alimaliza. Mwenda kwa mwendo wake, akiuliza njia na kutunza karatasi zake, hufika. Ndiyo maana wazee husema: kawia ufike.